Maana ya 'kundi kuu': Kutoka jukwaa la muziki hadi miamba ya Mlima Kenya

JINA 'supagrupu' hutumika katika taaluma mbili ambazo kwa kawaida hazikutani: muziki wa kisasa na jiolojia. Mwanamuziki akilitamka, huwa anamaanisha kundi lililoundwa na watu ambao kila mmoja wao alikwisha kujipatia sifa kwingine kabla ya kuungana na wenzake. Mwanajiolojia akilitamka, huwa anamaanisha mkusanyiko wa makundi kadhaa ya miamba yaliyolaliana na yenye sifa zinazoyafungamanisha. Katika Kiswahili, tafsiri iliyo karibu zaidi ya istilahi hiyo ni 'kundi kuu'.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya, maana zote mbili zina nafasi yake. Muziki wa eneo hilo una historia ndefu ya wasanii waliojitegemea na bendi zilizovunjika na kuungana upya. Nayo ardhi ambayo miji hiyo imejengwa juu yake ni rundo la miamba ya volkano iliyofunika miamba mingine ya zamani mno. Kuzielewa maana hizo mbili kunamsaidia msomaji kutambua jambo ambalo mara nyingi hupotoshwa: ukuu wa kundi hautokani na ukubwa wake wala na majivuno ya jina lake, bali hutokana na vile vitu vilivyounganishwa kulifanya.

Asili ya neno katika muziki

Katika muziki, istilahi hii ilienea Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfano unaotajwa mara nyingi ni kundi la Cream, lililoundwa London mwaka wa 1966 na mpigagitaa Eric Clapton, mpiga besi Jack Bruce na mpiga ngoma Ginger Baker. Wote watatu walikuwa wamekwisha kujulikana katika bendi nyingine. Cream ilivunjika mwaka wa 1968. Mwaka uliofuata Clapton na Baker waliungana na Steve Winwood na Ric Grech kuunda Blind Faith, kundi lililotoa albamu moja tu kabla ya kusambaratika.

Historia hiyo fupi ilionyesha mapema tabia mbili za makundi ya aina hii. Kwanza, huvuta umati kwa haraka kwa sababu kila mwanachama huja na mashabiki wake. Pili, aghalabu hayadumu, maana kila mmoja amezoea kuwa nahodha na ni vigumu kwake kugeuka baharia. Kundi la Traveling Wilburys, lililowakutanisha George Harrison, Bob Dylan, Tom Petty, Roy Orbison na Jeff Lynne mwaka wa 1988, lilifanikiwa kwa kiasi fulani kwa sababu halikukusudiwa kuchukua mahali pa kazi binafsi za wanachama wake.

Miongoni mwa wanamuziki wa Afrika, mfano ulio wazi kabisa ni Les Quatre Étoiles, yaani 'Nyota Wanne', kundi lililoundwa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Wakongo wanne: Nyboma, Wuta Mayi, Syran Mbenza na Bopol Mansiamina. Kila mmoja alikuwa ametoka katika bendi yenye jina, na hata baada ya kuungana waliendelea kutoa albamu zao binafsi. Miaka mingi baadaye, katika mwaka wa 2000, watatu kati yao waliungana na wakongwe wengine kuunda Kékélé, kundi lililofufua rumba ya gitaa zisizotumia umeme.

'Super' si lazima iwe kundi kuu

Katika Afrika Mashariki, neno 'super' lilipendwa sana katika majina ya bendi za miaka ya 1970 na 1980. Palikuwepo na Orchestra Super Mazembe, Super Wanyika ya Issa Juma, na Super Matimila ya Remmy Ongala nchini Tanzania. Hata hivyo, neno hilo katika majina haya lilikuwa pambo na tangazo la biashara. Halikuwa na maana ya kwamba bendi ilikuwa imeundwa na nyota waliotoka sehemu mbalimbali.

Super Mazembe, kwa mfano, ilianza nchini Zaire kwa jina la Super Vox chini ya uongozi wa Mutonkole Longwa Didos, ikahamia Nairobi mwaka wa 1974 na kubadilisha jina. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu jina hilo ni kwamba 'mazembe' ni mitambo mikubwa ya kuchimba na kusukuma udongo. Bendi hiyo iliyotamba kwa kibao 'Kasongo' ilipata umaarufu wake ikiwa tayari imeungana. Wanachama wake hawakuja wakiwa vigogo wa pahali pengine.

Historia ya Wanyika ni kinyume kabisa cha kundi kuu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kutoka Tanga waliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuanzisha Simba Wanyika. Mwaka wa 1978, baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo, akiwemo mpigagitaa Omar Shabani, walijitenga na kuunda Les Wanyika, ambayo baadaye iliongozwa na John Ngereza na kujulikana kote kwa kibao 'Sina Makosa'. Baadaye likazuka tawi jingine, Super Wanyika. Hapa hakukuwa na vijito vilivyokutana kuwa mto. Ulikuwa mto mmoja uliogawanyika kuwa vijito vitatu, na kila kijito kikabaki na sehemu ya jina la mama.

Makundi makuu halisi ya kanda hii

Hii haina maana kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuwa na makundi makuu ya muziki. Bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 1978, ilijengwa kwa kuwavuta wanamuziki waliokwisha kung'aa katika bendi nyingine za jiji hilo, wakiwemo waliotoka Dar International. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka wa 2014, alikuwa tayari mwimbaji mashuhuri kabla ya kujiunga nayo. Bendi hiyo ilianza chini ya shirika moja la uchukuzi, na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park.

Mwaka wa 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima alipoijenga upya bendi yake ya Orchestra Safari Sound, aliwachukua Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park. Kwa hivyo kundi kuu moja lilizaliwa kwa kubomoa jingine. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida wakati ambapo ala za muziki zilikuwa mali ya mashirika au matajiri, na wanamuziki wakawa waajiriwa. Mwimbaji aliondoka na sauti yake. Gitaa, vipaza sauti na jina la bendi vilibaki kwa mwenyewe.

Katika miaka ya 1990, Shikamoo Jazz ya Dar es Salaam iliwakusanya wakongwe wa bendi za zamani, akiwemo Salum Zahoro, kwa msaada wa shirika la HelpAge linaloshughulikia wazee. Katika muziki wa kizazi kipya, East African Bashment Crew ya katikati ya miaka ya 2000 iliwaunganisha Wakenya Nazizi na Wyre, waliokuwa wakijulikana kama Necessary Noize, na Mganda Bebe Cool. Hili lilikuwa kundi kuu kwa maana kamili: wasanii wa nchi mbili, kila upande na mashabiki wake, wakaungana kwa muda na kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake.

Mlima Kenya na gitaa la mtu mmoja

Muziki wa Mlima Kenya ulifuata njia tofauti. Katika miaka ya 1930 na 1940, vijana wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walicheza mwomboko, ngoma iliyoongozwa na kinanda cha mkono na kipande cha chuma kinachogongwa kiitwacho karing'aring'a. Baadaye zikaja gitaa, na kuanzia miaka ya 1960 wasanii kama Joseph Kamaru wa Kangema, aliyezaliwa mwaka wa 1939 na kufariki mwaka wa 2018, na Daniel Kamau, maarufu kama DK, wakawa nguzo za muziki wa Kikuyu. Walirekodi na kuuza santuri zao Nairobi, hasa katika eneo la River Road.

Katika utamaduni huu, jina linaloandikwa juu ya santuri ni la mtunzi, na bendi humfuata. Kamaru alikuwa Kamaru hata wapiga ala wake walipobadilika. Kwa sababu hiyo, nyota wa eneo hili walikutana zaidi katika matamasha, harambee na mazishi ya wenzao kuliko katika bendi ya kudumu. Umoja wao ulijitokeza kwa namna nyingine. John De'Mathew, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwezi Agosti 2019, anakumbukwa si kwa nyimbo zake tu bali pia kwa juhudi za kuwaleta wanamuziki wenzake katika chama cha akiba na mikopo.

Katika miaka ya 1990 ikaenea mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya gari la moshi, kutokana na jinsi wachezaji wanavyoshikana mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa. Mwimbaji mmoja mwenye gitaa huwatumbuiza wateja wa baa usiku kucha, akiunganisha nyimbo za watunzi wengi bila kusimama. Kwa mwenye baa ya Karatina au Nanyuki, kumlipa mtu mmoja ni nafuu kuliko kulipa bendi ya watu wanane. Vituo vya redio vya lugha ya Kikuyu, vikiwemo Kameme FM kilichoanza mwaka wa 2000 na Inooro FM kilichoanza mwaka wa 2003, vilizipa nyimbo hizo nguvu mpya.

Kwa mtazamo mmoja, mugithi ni kinyume cha kundi kuu, kwa sababu jukwaani pana mtu mmoja tu. Kwa mtazamo mwingine, kazi za Kamaru, DK na wengineo hukutana katika usiku mmoja kupitia koo la mtu huyo. Tofauti ni kwamba watunzi wenyewe hawapo jukwaani, na suala la malipo yao huwa gumu zaidi.

Ngazi za miamba

Katika jiolojia, kundi kuu si sifa ya kupambia jina. Ni cheo katika mpangilio wa miamba iliyolala kwa matabaka. Mpangilio huo umeelezwa katika mwongozo wa kimataifa uliochapishwa kwanza mwaka wa 1976 na kurekebishwa mwaka wa 1994.

Ngazi ya chini kabisa ni tabaka moja. Matabaka yanayofanana hufanya sehemu, na juu ya sehemu ipo fomesheni, ambayo ndiyo kipimo cha msingi. Fomesheni ni lazima iweze kutambuliwa kwa macho nje na kuchorwa kwenye ramani. Fomesheni mbili au zaidi zinazohusiana hufanya kundi. Makundi kadhaa yanayohusiana, au makundi pamoja na fomesheni, huweza kufanya kundi kuu. Kwa mfano wa nyumbani, tabaka ni mtu, fomesheni ni boma, kundi ni mbari, na kundi kuu ni ukoo mzima.

Mwanajiolojia halazimiki kufika ngazi ya juu. Kuna fomesheni zisizo na kundi, na makundi yasiyo na kundi kuu. Aidha, ukubwa pekee hautoshi. Lava za eneo la Mto Columbia nchini Marekani zimefunika takriban kilomita 210,000 za mraba, lakini hadi leo zinaitwa kundi tu. Kinachohitajika ni uhusiano uliothibitishwa kati ya makundi yenyewe.

Makundi makuu ya miamba katika kanda

Kundi kuu linalofahamika zaidi barani Afrika ni la Karoo, lililopata jina lake Afrika Kusini. Miamba yake iliwekwa kati ya miaka takriban milioni 300 na milioni 180 iliyopita. Kutoka chini kwenda juu, huanza na Dwyka, iliyoachwa na barafu, ikafuatwa na Ecca yenye makaa ya mawe, kisha Beaufort inayojulikana kwa visukuku vya wanyama watambaao, halafu Stormberg, na mwisho lava za Drakensberg. Makundi haya hayafanani kwa sura. Yaliyofungwa pamoja ni historia moja ya mabonde yaliyokuwa yakijaa mashapo wakati bara la kale la Gondwana lilipokuwa bado zima.

Miamba ya umri wa Karoo ipo pia Afrika Mashariki. Kusini-magharibi mwa Tanzania, kundi la Songea lina makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka. Nchini Kenya, msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hupita juu ya miamba ya Duruma inayojulikana kwa majina ya vituo vya njiani: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras.

Mbali zaidi katika wakati, kandokando ya Ziwa Victoria kuna miamba ya Nyanza yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Nchini Tanzania, miamba hiyo imepewa cheo cha kundi kuu, na dhahabu ya Geita imo ndani yake. Upande wa Kenya, miamba ya jamii hiyo hupatikana Migori na Kakamega, ambako kulikuwa na mbio za kutafuta dhahabu kuanzia mwaka wa 1931. Ramani za zamani za Kenya hazikutumia neno kundi kuu. Ziliandika 'mfumo' wa Nyanza na 'mfumo' wa Kavirondo.

Majina haya yanaweza kubadilika elimu inapoongezeka. Miamba ya Karagwe na Ankole, yenye bati na wolframu nchini Rwanda, Burundi, Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ilitazamwa kwa miaka mingi kama kitu kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 uliigawa katika makundi makuu mawili, Akanyaru upande wa magharibi na Kagera upande wa mashariki, baada ya kuonekana kwamba mabonde ya pande hizo yalijaa kwa nyakati na njia tofauti. Wanasayansi walifanya walichofanya Les Wanyika: walijitenga, ila wao walikuwa na ushahidi wa umri wa mawe.

Je, Mlima Kenya ni kundi kuu?

Jibu ni la, ingawa mlima wenyewe ni wa pili kwa urefu barani Afrika. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985. Sehemu kubwa ya mlima ilijengwa na milipuko ya kati ya miaka takriban milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Inakadiriwa kwamba wakati huo ulizidi mita 6,000. Mvua, mito na barafu ziliukwangua hadi ukabaki mzizi mgumu wa shina la volkano, ambao ndio Batian na Nelion.

Lava za mlima zina majina yake. Kuna fonolaiti, trakaiti na basalti, na katika shina lenyewe kuna sayenaiti. Upo pia mwamba adimu uitwao kenaiti, uliopewa jina na Mwingereza J.W. Gregory mwaka wa 1900, baada ya kuufikia mlima huo mwaka wa 1893. Ajabu ni kwamba mwamba wa aina hiyo ulipatikana pia katika kisiwa cha Ross huko Antaktika, karibu na volkano ya Erebus. Nayo Antaktika ina kundi kuu la Beacon, ndugu wa Karoo, kwa kuwa mabara hayo mawili yalikuwa yameshikana Gondwana. Hata hivyo kenaiti haina uhusiano na undugu huo wa kale: volkano zote mbili zilizuka muda mrefu baada ya mabara kuachana. Mawe yanaweza kufanana bila kuwa jamaa.

Kwa Nyeri, picha ina utata wa ziada. Mji huo uko kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ambayo volkano zake ni za zamani zaidi. Lava za milima hiyo miwili zinakutana katika eneo hilo. R.M. Shackleton aliyeandika ripoti ya jiolojia ya Nyeri mwaka wa 1945, na B.H. Baker aliyeandika ya Mlima Kenya mwaka wa 1967, walizipanga lava hizo katika 'mifululizo' kufuatana na mahali zilipotokea na jinsi zilivyolaliana. Mpangilio huo umetosha, na haukuhitaji cheo cha juu zaidi.

Chini ya lava hizo kuna miamba ya kale zaidi ambayo imechomwa, ikabanwa na kugeuka, hasa naisi. Hii ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, jina lililoenezwa na mwanajiolojia Arthur Holmes kuanzia mwaka wa 1951. Anayeteremka kutoka Embu kuelekea Mbeere, au kutoka Chuka kuelekea Tharaka, hutoka kwenye udongo mwekundu wa volkano na kuingia kwenye mchanga na mawe ya naisi. Hali ni hiyo hiyo kaskazini ya Nanyuki kuelekea Mukogodo. Miamba iliyogeuka kiasi hicho imepoteza mpangilio wake wa awali wa matabaka, na hivyo ni vigumu kuipanga katika makundi na makundi makuu.

Maji, udongo na vito

Mpangilio huu wa miamba si jambo la darasani pekee. Wilaya ya zamani ya Nyeri, ambayo sasa ni kaunti, ina maeneo mawili yanayotofautiana sana. Othaya, Tetu na Mukurwe-ini hupata mvua ya kutosha majani chai na kahawa, mimea inayostawi kwenye udongo mwekundu wenye kina uliotokana na kuoza kwa lava. Kieni, iliyo kwenye kivuli cha mvua, ni kavu, na wakazi wengi wa huko na wa Laikipia jirani hutegemea visima vya kuchimbwa kwa mtambo.

Katika miamba ya volkano, maji ya chini ya ardhi hayapatikani kila mahali kwa kina kimoja. Hukaa katika nyufa, na zaidi katika nyuso za kale za ardhi, yaani mahali ambapo lava moja ilipoa, ikaoza na kufunikwa na changarawe kabla ya lava nyingine kumiminika juu yake. Katika naisi ya Mbeere na Tharaka hakuna nyuso za namna hiyo. Maji hutafutwa katika sehemu zilizooza na kupasuka. Mchimbaji asiyejua yuko juu ya mfululizo gani anaweza kupoteza fedha za wanakijiji katika shimo kavu. Ndiyo sababu sheria ya maji ya Kenya inataka kibali kabla ya kuchimba kisima, na uchunguzi wa wataalamu hufanywa kwanza.

Neno kundi kuu limeingia pia katika elimu ya madini, kwa maana ya tatu. Huko huunganisha makundi ya madini yenye muundo mmoja wa ndani na kemia inayokaribiana. Mwaka wa 2013, wataalamu wa kimataifa walipanga upya kundi kuu la ganeti, likiwa na madini 32 yaliyokubaliwa. Kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti, kinachochimbwa Taita Taveta ndani ya Ukanda wa Msumbiji, ni cha ukoo huo. Kilipewa jina hilo mwaka wa 1974 kwa heshima ya Tsavo, baada ya Campbell Bridges kukigundua kwanza Tanzania na kisha Kenya.

Haki inapogawanywa

Katika muziki, swali lililo sawa na lile la kisima ni: nani anamiliki kilichopatikana? Kundi kuu linapovunjika, nyimbo hubaki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kazi ya muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Iwapo watunzi ni zaidi ya mmoja, hesabu huanzia kwa yule anayefariki wa mwisho. Kwa mfano, ikiwa wimbo ulitungwa na watu watatu na wa mwisho wao akafariki mwaka wa 2010, haki hizo zitadumu hadi mwisho wa mwaka wa 2060, na familia zote tatu zina sehemu yake. Sauti iliyorekodiwa ina ulinzi wake tofauti, wa miaka 50 tangu kurekodiwa.

Tatizo ni kwamba bendi nyingi za zamani hazikuandika nani alitunga nini. Jina la kiongozi, au la mwenye ala, ndilo lililoandikwa kwenye santuri. Miaka 30 baadaye, kibao kinapopigwa redioni au kuuzwa kama mlio wa simu, mjane wa mpiga besi hana karatasi ya kuonyesha. Kwa msanii wa mugithi wa Nyeri anayeimba nyimbo za wengine usiku kucha, na kwa baa inayomkaribisha, wajibu wa kuwalipa watunzi haupungui kwa sababu jukwaani yupo mtu mmoja.

Wanaojiolojia wana kanuni ambayo wanamuziki wangeweza kunufaika nayo. Kabla ya kutangaza fomesheni, kundi au kundi kuu jipya, ni lazima mtafiti achapishe jina lake, aonyeshe mahali ambapo sehemu ya mfano inaonekana, aeleze mipaka ya chini na ya juu, na ataje vipande vyote vilivyomo. Jina halikubaliki kwa kuwa ni kubwa. Hukubaliwa kwa kuwa kila kilicho ndani yake kimeorodheshwa.

Kwa kundi la wasanii wanaokusudia kuungana, orodha ya namna hiyo ni karatasi moja tu: majina ya wanachama, watunzi wa kila wimbo, mgao wa kila mmoja, na kitakachotendeka kwa jina la kundi wakati wa kuachana. Karatasi hiyo ikitiwa saini kabla ya wimbo wa kwanza kurekodiwa, kundi linaweza kuvunjika baada ya albamu moja kama Blind Faith, na bado watoto wa kila mwanachama wakapata haki yao.